Mafungo ya uandishi Dodoma: tafuta watu kwanza, nyumba baadaye

Wakatoliki wana neno ambalo waandishi tungeweza kuliazima: mafungo. Unajitenga siku kadhaa, unaacha mambo ya mjini yaendelee bila wewe. Wengi siku hizi wanasema "kambi ya uandishi", nami sina ugomvi nao, ila nikisikia kambi nasikia filimbi na watu wakikimbia mchakamchaka. Mafungo ni mlango uliofungwa, na hapa nitalitumia neno hilo.

Naishi Dodoma. Mchana niko ofisini, usiku naandika hadithi. Nimeshaandaa mafungo mara tatu: ya kwanza yaliharibika vibaya, ya pili yalikuwa nusu kwa nusu, ya tatu sikutaka yaishe. Nyumba ya mara ya kwanza ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, ina hadi bustani. Kilichotuangusha ni orodha ya walioalikwa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwa watu, hata kama wewe unawaza mandhari kwanza.

1. Iandike siku moja ya ndoto yako

Chukua karatasi, uandike siku moja ya mafungo unayoyatamani, tangu unapofumbua macho hadi unapozima taa. Usiandike "nitaandika sana", hiyo haikuambii kitu. Andika unasikia nini ukifungua dirisha, jikoni yuko nani, mezani usiku umekaa na nani na anakuuliza nini.

Yangu ilianza hivi: "Naamka saa kumi na moja na nusu. Upepo wa Julai unagonga bati. Kuna mtu ameniwahi kuamka, nasikia kijiko kinakoroga chai chumba cha pili, naona aibu kujifunika tena." Niliposoma nilichoandika niligundua kwamba sikutaja ziwa wala mlima mpaka mstari wa tisa. Mtu wa kijiko alikuwa mstari wa tatu. Huyo ndiye nilipaswa kumtafuta.

Isome siku yako mara mbili, upigie mstari kila mahali mtu alipojitokeza bila kuitwa. Huo ndio mwanzo wa orodha yako.

2. Chagua wa kwenda nao

Hapa usiharakishe.

Mara ya kwanza tulikuwa saba, wote marafiki, wote tunaandika au tunasema tunaandika. Siku ya kwanza tulitambulishana hadi saa tano usiku, utafikiri hatujuani. Siku ya pili mmoja akapokea simu ya nyumbani kuhusu harusi ya mdogo wake, na kwa kuwa sote tunamfahamu bibi harusi, kufikia saa nane mchana sebule ilikuwa kamati. Tulikuwa na mwenyekiti, mtunza hazina na hesabu ya kreti za soda. Siku tano zile niliandika kurasa mbili, na moja ilikuwa bajeti ya nyama.

Tangu hapo naona wanne ndio idadi. Watatu, mmoja akinuna nyumba nzima imenuna. Watano wanagawanyika makundi. Wanne wanakaa meza moja, wanapanda bajaji mbili, na sahani zikioshwa hakuna wa kujificha.

Kati ya hao wanne, mtafute kwanza anayeamka. Si lazima awe mwandishi mkubwa. Awe tu ana nidhamu inayokutia aibu ya heshima. Mimi wangu ni dada mmoja mwalimu wa shule ya msingi, anaandika vitabu vya watoto, na saa kumi na mbili kasoro tayari ana daftari mbele yake na kitenge mabegani. Hajawahi kuniambia niamke. Hahitaji.

Wa pili awe anaandika kitu tofauti na chako. Kama unaandika riwaya, tafuta mshairi au mwandishi wa tamthilia. Tuseme ukweli, wivu upo. Watu wawili wanaoandika riwaya za mji uleule wakikaa nyumba moja, kila mmoja anahesabu kurasa za mwenzake kwa jicho la pembeni. Mshairi ukimwambia umeandika kurasa kumi anakuonea huruma tu, na wewe akikuambia ameshinda siku nzima na kina kimoja unamwonea huruma vilevile. Amani inakaa.

Wa tatu ni mkweli, na hapa watu hukosea. Tunamchukua mkali tukidhani ndiye mkweli. Mkali anakuambia "hii mbovu" kisha anageukia chai yake. Mkweli anakuambia, "Hapa alipofika mjomba, mimi nilipotea, nikaanza kuwaza mambo yangu." Ukimpata wa namna hii, mlipie hata nauli.

Wa nne asiwe mwandishi kabisa, na wenzangu huwa wanapinga jambo hili. Awe mtu anayejua kusikiliza na mwenye shughuli zake: mpishi, mzee mstaafu, fundi cherehani aliyekuja kupumzika. Nyumba yenye waandishi watupu inaanza kunukia vitabu siku ya tatu. Mnazungumza wahusika kama watu na watu kama wahusika. Mtu wa nne anawarudisha duniani kwa kuuliza nani amemaliza sukari.

Nani wa kumwacha? Rafiki kipenzi, kwanza. Si kwa ubaya, ila mtazungumza. Mumeo au mkeo, kila mtu na nyumba yake, ila mimi wangu nilimwacha kwa ridhaa yake na tulikumbukana vizuri. Mwache pia mwenye miradi mitatu na simu mbili. Na mwache yule anayependa kuitwa mwandishi kuliko anavyopenda kuandika. Utamjua kwa kuwa ataomba muwe na fulana.

Kabla hujamwalika mtu, mpime. Mwite Jumamosi moja nyumbani, mkae sebule moja saa nzima kila mtu na daftari lake, bila maneno. Akishindwa dakika ishirini akaanza kukuonyesha video, umeokoa fedha zako.

Na ukitaka kuota bila kubanwa na uhai wa watu, ota. Mimi ningemwalika Mathias Mnyampala, mshairi aliyezaliwa huku kwetu Dodoma mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Ngonjera, ambazo yeye alizipa nguvu kubwa, ni mashairi ya kujibizana: huyu anatoa hoja, yule anaipinga, na wote wanalinda vina na mizani. Mtu aliyezoea kubishana hivyo angejua kunipinga mezani bila kunivunjia heshima. Jioni ningempisha Hukwe Zawose na zeze lake na ilimba, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba. Mgogo huyu alipeleka muziki wa kwao nchi nyingi kabla ya kufariki mwaka 2003. Zoezi hili si mchezo mtupu. Ukishajua kwa nini unamtaka marehemu fulani mezani, unajua sifa ya kumtafutia kwa walio hai. Mimi nilijua natafuta mtu wa kubishana naye kwa adabu.

3. Panga tarehe ukiwa na kalenda ya Bunge mkononi

Mgeni hulipuuza hili akalia. Bunge likikaa, hasa mkutano wa bajeti unaoanza Aprili na kuisha mwishoni mwa Juni, vyumba vya Dodoma hupanda bei na vizuri vinawahiwa. Wiki ya Nanenane, mwanzoni mwa Agosti, viwanja vya Nzuguni hujaa wageni na gesti nazo zinajaa. Kipindi changu ni katikati ya Julai. Wabunge wameondoka, mvua zetu za msimu mmoja, za Desemba hadi Aprili hivi, zimesahaulika, njia za vijijini hazina tope. Usiku kuna baridi kweli. Watu wa Dar hawaamini, wanakuja na shuka moja. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na upepo wake hauna adabu, kwa hiyo waambie wabebe sweta, na mafuta ya midomo pia.

Ukipenda zabibu mezani, sogeza mafungo mwishoni mwa Agosti au Septemba, mavuno yanapokuwa yameanza. Vumbi litakuwa limezidi, lakini utakula zabibu hadi uchoke.

4. Sasa tafuta nyumba

Katikati ya jiji sikushauri. Mjini kuna jamaa, jamaa wakisikia upo watakuja "kukusalimia tu". Toka nje kidogo.

Hombolo, karibu kilomita 40 kutoka mjini, kuna bwawa la zamani na mashamba ya zabibu. Unaenda na kurudi bila kulala njiani, na jioni maji yale yanatuliza macho yaliyochoshwa na kompyuta. Singida ni mbali zaidi, ila mji wenyewe umekaa kati ya maziwa mawili, Kindai na Singidani, pamezungukwa na majabali makubwa yaliyobebana kama mizigo sokoni, na kuku wake hawahitaji matangazo. Chaguo langu mimi ni Mpwapwa. Unatoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro, unakunja Mbande, unapita Kongwa, halafu vilima vinaanza kukusogelea. Ni mji mdogo wa zamani, miti ipo, watu wanasalimiana, na ifikapo saa tatu usiku kumelala.

Usizidharau hosteli za misheni. Chumba ni kitanda, meza na msalaba ukutani, chakula ni cha saa maalumu, na kelele kubwa ni kengele. Kwa mwandishi asiye na fedha nyingi sijaona mpango bora. Heshimu taratibu zao tu, na pombe iache mjini.

Popote unapotaka kuchukua, nenda ukalale usiku mmoja kwanza, tena Ijumaa. Mara ya pili nilikodi kwa simu nyumba niliyoambiwa ni "mahali patulivu sana, bosi". Patulivu palikuwa, Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa jirani alitoa spika mbili kubwa nje ya grosari yake na tukapigiwa singeli hadi saa nane usiku. Mshairi wetu aliandika beti tatu usiku ule, zote za matusi.

Ukifika kukagua, kaa kwenye kiti utakachokaa. Ndiyo, kaa. Viti vya plastiki vya bustani vinaua mgongo kwa siku mbili. Uliza tanki la maji ni la lita ngapi na mara ya mwisho lilijaa lini. Hesabu soketi, kisha beba ekstensheni yako bila kujali umehesabu ngapi. Uliza luku nani anajaza. Angalia kama kuna meza nne au meza moja na stuli tatu.

Wa kutoka Dar siku hizi wana raha. Treni ya SGR inayofika Dodoma tangu mwaka 2024 inawaleta kwa saa nne hivi, na nusu ya hizo unaweza kuandika. Wa Arusha wapite Babati na Kondoa, ni lami tupu. Wakiwa na muda wasimame Kolo waone michoro ya mwambani, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Sisi tuliwahi kwenda hadi kule kwa siku moja katikati ya mafungo, na ninakuonya: ni safari ndefu, utarudi na picha nzuri na siku yote imekwenda. Iweke mwanzoni au mwishoni.

5. Fedha

Changeni sawa, mapema, kwa mtu mmoja. Mafungo ya tatu tulikuwa wanne, siku tano, kila mmoja akatoa 180,000, jumla 720,000. Nyumba ilikula 300,000, chakula 200,000, mpishi 100,000, bajaji na gesi na maji ya kunywa 80,000. Ilibaki 40,000. Bei zako zitakuwa nyingine, ila mgawanyo utafanana. Mtu mmoja akijitolea kulipia wote, mshukuru na umkatalie. Aliyelipa atakuwa ndiye mwenye rimoti.

6. Mpishi, na mwenyekiti

Msipikie zamu. Zamu zinaleta mashindano ya pilau. Tafuteni mama wa hapohapo, mlipeni vizuri, mumwache apike anachojua: ugali wa uwele, mlenda, maharage, kuku siku moja, chai ya maziwa asubuhi na viazi vitamu au mihogo. Namba yake ya simu ndiyo mtakayoacha nyumbani kwa dharura, maana zenu zitakuwa kapuni. Nalifikia kapu sasa hivi.

Na siku mnayofika, kabla hata hamjafungua mabegi, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji mjitambulishe. Watu wanne wasiotoka nje, wanaogonga kompyuta siku nzima, lazima watazungumzwa. Tulimkuta wetu na mzee mmoja chini ya mti. Tukawaamkia "Mbukwenyi", Kigogo chetu chote kikaishia hapo. Mzee akauliza tumekuja kufanya nini. Tukasema kuandika hadithi.

"Mchana?"

"Mchana, babu."

Akamgeukia mwenyekiti. "Hadithi za mchana hizo," akasema, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mbuzi juu ya paa. Kwao, kama kwa wengi wetu, hadithi ni ya usiku, moto ukiwepo. Lakini tangu siku ile kila jioni alipita kuuliza ya mchana imefika wapi.

7. Ratiba iwe fupi

Kuandika saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi. Chai. Kuandika tena hadi saa saba. Chakula, kulala, jua la Dodoma la saa nane halimfai mtu yeyote anayefikiri. Saa kumi kutembea, peke yako au wawili, ila si wanne. Saa moja usiku kusomeana. Saa tatu kila mtu chumbani.

Simu zinaingia kapuni saa kumi na mbili asubuhi, zinatoka saa saba, zinarudi saa kumi, zinatoka saa mbili usiku. Kapu akae nalo mama mpishi. Usijidanganye kwamba utaizima na kuiweka mfukoni.

8. Kusomeana usiku

Kila mtu dakika kumi, si zaidi. Anayesoma akimaliza ananyamaza. Hajitetei, haelezi "hapa nilimaanisha". Wengine wanasema kwanza walichokiona, kisha walipopotea. Kusifu kuwe kwa jambo mahususi: "ile sauti ya mlango" inasaidia, "umetisha" haisaidii.

Muhimu, mlango wa jikoni uachwe wazi. Usiku wa tatu Mpwapwa nilisoma kipande cha hadithi yangu. Mama mmoja amekwenda Kibaigwa kuuza mahindi, nyumbani binti yake anapika kumsubiri. Nilijivunia aya ya jikoni: mafuta yanachacharika, kitunguu kinageuka rangi, kisha binti anatia mlenda. Wenzangu wakasifu kitunguu. Mkweli wetu naye akasifu kitunguu.

Kimya kikapita. Mama mpishi alikuwa ameegemea fremu ya mlango, kitambaa cha kufutia vyombo begani.

"Mwanangu," akasema, "huyo binti katoka wapi?"

"Wa hukuhuku, mama."

"Wa hukuhuku haanzi na mafuta. Anateleka maji." Akaingia, akavuta stuli, akaonyesha kwa mkono: maji yakichemka unatia chumvi na magadi kidogo, unanyunyiza unga wa mlenda mkavu huku unakoroga, karanga zilizotwangwa zinafuata. "Na ule mlenda mkavu aliutwanga nani? Mama yake, kiangazi kile. Sasa mama hayupo, binti anakoroga mlenda wa mama yake. Wewe umeweka kitunguu."

Hakuna aliyesema kitu. Nilichukua kalamu nikafuta aya nzima mbele yao. Hadithi ile hadi leo imesimama juu ya unga ule wa mlenda uliotwangwa na mtu asiyekuwepo, na aliyenipa hajawahi kuandika zaidi ya jina lake kwenye karatasi ya kura.

9. Kuondoka

Asubuhi ya mwisho msiandike. Mrudishe funguo, mfanye hesabu mezani wote mkiona, mumlipe mpishi mbele ya wote, mkamuage mwenyekiti. Ile 40,000 yetu iliyobaki tuligawa nusu kwa mama, nusu tukanunulia karanga za njiani. Kabla hamjatawanyika, kila mtu ataje tarehe atakayowatumia wenzake kurasa alizofikia. Taja tarehe yenyewe, kama 15 Agosti. "Mwezi ujao" haikubaliki. Mtunza fedha aiandike.

Mimi nilitaja yangu na ikapita. Wiki mbili baadaye ukaja ujumbe wa simu, namba sikuihifadhi, ila nilimjua kwa mstari wa kwanza. Mama mpishi alitaka kujua kama yule mama wa mahindi ameshafika nyumbani, maana mlenda utapoa. Ikabidi nimjibu ukweli, kwamba bado yuko Kibaigwa, anasubiri gari.